Paka wa Nyumba Haingwa

Umezuka miongoni mwetu, walimu wa Kiswahili, mtindo wa kuipokea lugha hii darasani kama mgeni rasmi. Tunaitandikia zulia, tunaivalisha kanzu na koti, tunaipigia makofi kila tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitenga mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kisha tunaikalisha kiti cha mbele, mbali na watu. Mwanafunzi hufundishwa kumwamkia mkuu wa wilaya, kuandika barua ya kuomba kazi na kutaja faida tano za umoja. Hafundishwi kusema kwamba paka wake ameiba samaki, wala kwamba simu yake imezimika kabla hajamaliza neno. Mambo hayo, twaambiwa, ni porojo, na porojo hazina mahali katika mtaala. Sisi tunashikilia kinyume cha hayo. Twasema kwamba porojo za paka, simu na jiko ndizo chakula cha lugha, na kwamba mwalimu anayezifungia mlango anaiua lugha kwa njaa huku akiipigia saluti.

Tutayaeleza haya kwa kuuangalia mji mmoja, nao ni Kamembe, wilayani Rusizi, katika Jimbo la Magharibi la Rwanda, sehemu ambayo wengi wetu tuliijua kwa jina la Cyangugu. Mji huu umekaa pembeni mwa ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, mahali Mto Rusizi unapotoka ziwani kuanza safari yake ya kwenda Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya pili ni Bukavu, mji mkubwa wa Kongo. Ukiteremka na bonde kuelekea kusini, kupitia Bugarama, unaukuta mpaka wa Burundi. Kamembe husema Kinyarwanda nyumbani, Bukavu ina Kimashi na lugha nyingine nyingi, na Burundi ina Kirundi chake. Katikati ya hao wote, juu ya daraja, sokoni na bandarini, iko lugha moja ya kuuziana nyanya, maziwa na samaki, nayo ni Kiswahili.

Kwa upande wa sheria, katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Rwanda, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, ilikifanya lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017. Kongo nayo iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022. Wako basi wanaohesabu umri wa Kiswahili nchini Rwanda kuanzia 2017, kana kwamba kilishuka kwa ndege pamoja na hati ya sheria. Hesabu hiyo ni ya uongo. Kiswahili kilitumiwa na watawala wa Kijerumani, ambao utawala wao ulikoma mwaka 1916. Kilikaa katika mitaa ya Waislamu na wafanyabiashara mijini wakati wa Wabelgiji. Kilisikika katika Redio Rwanda. Na tangu miaka ya 1960 hadi mwaka 2015, Deutsche Welle ilikuwa na kituo chake cha kurushia matangazo mjini Kigali, na vipindi vyake vya Kiswahili vilitoka kwenye milingoti hiyo kwenda kwa wasikilizaji wa mbali. Mgeni gani huyo anayekaa zaidi ya miaka mia moja?

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walisema pia kwamba paka wa nyumba haingwa. Kuinga ni kufukuza, kama wafanyavyo watoto shambani wanapoinga ndege wasile mtama. Mgeni hupewa jembe ili awe mwenyeji. Paka wa nyumba hana haja hata ya jembe, kwa kuwa amekwisha kuwa mwenyeji, anajua kila kona na kila chungu. Na hebu tuitazame methali yenyewe kwa jicho la mwalimu. Mwanafunzi akituandikia "haingwa" katika mtihani tutamkata alama, maana tumemfundisha kwamba kukanusha wakati uliopo hudai "haingwi". Lakini methali imekaa na umbo lake la kale na hakuna hata mmoja wetu anayethubutu kuisahihisha. Mbona basi tunathubutu kumwinga mtoto wa Kamembe kwa kosa dogo kuliko hilo?

Maana ndivyo tufanyavyo. Mtoto huyu huingia kidato cha kwanza akiwa tayari na Kiswahili cha mpakani mdomoni. Amekisikia kwa mama anayeuza mayai, kwa dereva wa pikipiki, kwa jamaa wa Bukavu waliokuja msibani. Siku ya kwanza anafungua kinywa na kusema, "Paka yangu iko nalala juu ya simu." Darasa linacheka, mwalimu anakunja uso, na mtoto anaambiwa kwamba hicho si Kiswahili, akisahau kwanza, ndipo afundishwe. Siku ile ile anajifunza somo moja kamili, kwamba yeye hajui Kiswahili. Amevuka daraja mara mia akiwa mzungumzaji, akavuka mlango wa darasa mara moja akawa bubu.

Hatusemi kwamba sentensi ile iachwe kama ilivyo. Usanifishaji ulioanza mwaka 1930, ulipoundwa ule mfumo wa kamati ambayo baadaye ilizaa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, umetupa chombo ambacho mtu wa Kamembe, wa Lamu na wa Mbeya wanaweza kusomea gazeti moja. Chombo hicho hatukitupi. Lakini tazameni utajiri uliomo katika sentensi ya mtoto huyu. Mwalimu mwenye busara angeanza kwa kuuliza, "Kwa nini amelala juu ya simu?" Mtoto angejibu kwamba simu ikichajiwa hupata joto, na paka hupenda joto. Hapo mazungumzo yamepatikana, na sarufi inaingia kwa mlango uliokwisha kufunguliwa. "Paka yangu" inakuwa "paka wangu", kwa kuwa paka ni kiumbe hai na upatanisho wake ni wa viumbe hai. "Iko nalala" inakuwa "amelala", kwa kuwa kwetu usingizi uliokwisha kumchukua mtu hutajwa kwa "me", wala si kwa "na". Mtoto mwerevu atauliza, "Mbona basi twasema rafiki yangu, na ndugu yangu? Hao si viumbe hai?" Naam! Swali hilo huwashinda hata baadhi ya walimu. Hapo ndipo tunapoeleza kwamba maneno kama rafiki, ndugu, baba na mama, yanayotaja uhusiano wa watu, huvaa "yangu", ilhali paka, hata angependwa namna gani, huvaa "wangu". Somo la wiki nzima limezaliwa na paka mmoja aliyelala.

Wapinzani wetu watasema kwamba haya ni mapenzi ya wanyama yaliyoletwa na Wazungu, na kwamba Mwafrika hana haja ya kujadili paka darasani. Tunakubaliana nao nusu. Ni kweli kwamba vitabu vyetu vimezoea kunakili. Imeletwa istilahi ya "mnyama kipenzi", na mwanafunzi hufundishwa kana kwamba kila nyumba ina mnyama anayelala kitandani na kuadhimishiwa siku ya kuzaliwa. Kiswahili kilikuwa tayari na neno pana na la kweli, yaani kufuga. Anayefuga humlisha mnyama, naye mnyama hulinda, hukamata panya, hutaga au hukamuliwa. Upendo unaweza kuwamo, tena mwingi, ila hautangazwi kwa kibandiko. Kosa la vitabu hivyo liko katika kumweka paka bila kuitazama nyumba anamoishi. Kule kuwemo kwake tu si kosa.

Nyumba hazifanani. Mjini Lamu paka hupita vichochoroni kama wenye mji, na hakuna anayeshangaa. Katika nyumba ya Mwislamu, pwani au Kamembe, paka huingia hadi kwenye mkeka wa sala, ilhali mbwa hubaki nje, kwa kuwa mate yake ni najisi inayodai chombo kioshwe mara saba. Nchini Rwanda ziko nyumba ambazo mbwa ana historia nyingine, nzito zaidi. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, mbwa wengi walipigwa risasi kwa sababu walikuwa wamekula maiti za watu zilizoachwa bila kuzikwa. Mwalimu anayeingia darasani na sentensi ya kunakili isemayo kwamba mbwa ni rafiki mkubwa wa mwanadamu, akaamuru watoto waikariri mara kumi, hajui anaikariri mbele ya nani. Angewaacha kwanza waseme wenyewe ni mnyama gani yuko kwao, angeisikia nyumba kabla ya kuifundisha.

Tena angesikia habari ambazo kitabu chake hakina. Angesikia habari za ng'ombe, maana katika nchi hii ng'ombe ni heshima na ni baraka. Mtu humtakia mwenziwe ng'ombe kama vile wengine wanavyotakiana heri, na mpango wa serikali ulioanza mwaka 2006 wa kugawa ng'ombe kwa familia maskini ulipewa jina la baraka hiyo, Girinka. Mtoto anayejua kwa Kinyarwanda majina ya rangi na pembe za ng'ombe hataridhika na neno moja la Kiswahili. Atadai mengine, na kwa kudai huko msamiati utakua. Angesikia pia habari za sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu wanaovuliwa usiku kwa taa. Samaki hawa hawakuwako ziwani humo tangu zamani. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo paka wa Kamembe hawajui kwamba wanakula kitoweo cha kuhamia. Ikiwa samaki ameweza kuwa mwenyeji katika umri wa mtu mmoja, itakuwaje lugha iliyotangulia kabla yake iendelee kuitwa ngeni?

Tugeukie sasa vyombo vya kisasa, maana huko ndiko tunakoelekezwa kila mara tunapoambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya soko na kwamba teknolojia ni ya Kiingereza. Shule za Rwanda ziliamriwa kuhamia Kiingereza kutokana na uamuzi wa mwaka 2008, na wazazi wengi huamini kwamba mtoto akiijua kompyuta kwa Kiingereza basi Kiswahili kimebaki cha kuuliza bei ya viazi. Jibu letu limo mfukoni mwa wazazi hao hao. Neno simu lilitoka katika Kiajemi, ambako lina maana ya waya. Katika kamusi za zama za ukoloni simu ilikuwa kwanza ni ile ya kupeleka habari kwa mapigo juu ya waya, na ndiyo maana tukasema kupiga simu. Ilipokuja ile ya kusemea kwa mdomo, neno halikubadilika. Zilipokuja za kubebwa mkononi, zisizo na waya hata kidogo, neno likabaki pale pale. Kifaa kilichoitwa waya kimepoteza waya na jina halikutetereka! Hakuna kikao kilichokaa kuamua hivyo. Watu walipiga simu kama walivyopiga pasi, walivyopiga picha, walivyopiga hodi na walivyopiga soga. Kitenzi cha nyumbani kilimshika mgeni mkono kikamwingiza ndani.

Wenzetu wa Kinyarwanda nao hawakulala. Kompyuta wanaiita mudasobwa, yaani asiyekosea, na jina hilo lina kejeli tamu kwa yeyote aliyewahi kuona mashine hiyo ikikosea. Muda wa maongezi wanauita amayinite, neno lililotoka katika Kifaransa, ilhali Mtanzania husema vocha na salio. Mwanafunzi wa Kamembe anayemwambia mwenzake wa Bukavu kwamba hana "yuniti" anaeleweka mara moja. Tunadai ajue pia salio, ili aeleweke Kigoma na Mombasa. Hatuoni sababu ya kumwaibisha kwa lile la kwanza.

Hapa hatuna budi kuwageukia pia ndugu zetu wa upande wa pili, waunda istilahi na wapenzi wao. Wako walimu ambao fahari yao ni kumtega mwanafunzi kwa maneno ambayo wao wenyewe hawayatumii wakiwa nyumbani. Darasani ni tarakilishi, ofisini ni kompyuta. Darasani ni rununu, barabarani ni simu. Neno likiishi katika karatasi ya mtihani peke yake ni kama paka wa kuchorwa, ambaye panya hamwogopi. Lakini hatupingi uundaji wa maneno. Litazameni neno kishikwambi. Wengi walilicheka lilipotokea. Kisha Tanzania ikafanya sensa yake ya mwaka 2022 kwa vifaa hivyo, makarani wakavishika mikononi, na baada ya sensa vikapelekwa kwa walimu. Kicheko kikaisha. Kishikwambi kilipochajiwa, kilipoanguka, kilipoazimwa na mtoto wa jirani, neno lilipata miguu. Kamusi iliweza kulipendekeza neno hilo, na soga za kila siku zikalipa uhai.

Na kama yupo anayeshuku bado kwamba Kiswahili chaweza kubeba teknolojia, na azitazame pesa zinazotembea kwa simu. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Kongo mwaka 2012, na jina lake halikutafsiriwa kwa Kifaransa. Neno pesa, ambalo lenyewe liliwahi kuvuka bahari kutoka Uhindini, limevuka misitu ya Kongo likiwa ndani ya mtambo. Huyo anayesema teknolojia haina Kiswahili, husema hivyo huku akisubiri ujumbe wa kumwambia pesa zimeingia.

Iko sababu moja zaidi, nayo ndiyo inayotufanya tuandike kwa ukali. Mpaka wa Rusizi hufungwa na kufunguliwa. Mwaka 2020 ulifungwa kwa ajili ya Uviko-19. Februari 2025 vita vya Kongo viliifikia Bukavu yenyewe, na hofu ikajaa pande zote mbili za mto. Katika nyakati kama hizo lugha ya mikutano na maazimio huwa haifiki kwa mwanamke aliyesimama darajani na beseni lake. Kinachobaki kati ya majirani wawili wanaoogopana ni mambo madogo. Mvua imenyesha kwenu? Yule paka wenu amezaa? Nipigie simu ukifika. Mtu anayeweza kuuliza maswali haya kwa lugha ya mwenziwe hajamuuliza kabila lake, wala chama chake, wala upande anaouunga mkono. Amemtambua kuwa ana nyumba. Tukiwanyima watoto wetu Kiswahili cha maswali hayo kwa kuwa ni porojo, tumewanyima lugha ya ujirani, tukawaachia lugha ya hotuba. Nao wazee wa maeneo haya wanajua hotuba zimewahi kuwafikisha wapi.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wenzetu, wa Kamembe na wa kwingineko, wafanye mambo matatu ambayo hayahitaji fedha wala kibali. Kwanza, dakika 10 za mwanzo wa kila kipindi ziwe za soga. Mwanafunzi mmoja asimulie jambo lililotokea kwao jana, la kuku, la redio, la mtoto aliyemwaga maziwa, na mwalimu asimkatize hata akikosea. Pili, makosa yakusanywe baada ya soga, yaandikwe ubaoni bila jina la mtu, na Kiswahili sanifu kifundishwe kwa kuyatengeneza, huku umbo la mpakani likielezwa kuwa ni la wapi na hutumika kwa nani. Tatu, kila mwanafunzi awe na daftari dogo la maneno ya nyumbani kwao yanayohusu wanyama, vyombo na mashine, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kinapokosekana, darasa zima litafute. Madaftari hayo yakifika kwa chama chetu, yatatupa msamiati ambao hakuna mjumbe wa kamati angeweza kuubuni akiwa mezani.

Wakaguzi watauliza ni mada gani ya mtaala tunayofundisha katika dakika hizo 10. Tuwajibu kwamba ni kuzungumza. Kama neno hilo halimo katika orodha yao, basi orodha ndiyo yenye upungufu, nasi tuwaombe waliongeze.